Mawe Meupe ya Kiwanja cha Ndege

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta nimekosea kuandika, rekebisheni kimya kimya muendelee. Sitaki mnionee huruma. Naandika kwa sababu kuna jambo nimelikalia tangu nikiwa mdogo kuliko wengi wenu, na wiki hii nimeona kwamba nikiendelea kulikalia nitazikwa nalo.

Jumanne tulimzika Ma Adventina, mjane wa Ta Ishengoma; kwa Kihaya chetu Ma ni mama, Ta ni baba. Wajukuu zake walikuwa wamepaka chokaa mawe ya pande mbili za njia, toka barabarani mpaka kaburini, ili wageni wasipotelee kwenye migomba ya watu. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Ile harufu iliponiingia puani nilisimama. Binti yangu akaniuliza, "Mama vipi, presha?" Nikamwambia presha unayo wewe, tangulia. Kisha nikamfuata.

Tukakaa. Mzee wa ukoo akasoma habari za marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na Ta Ishengoma, mlinzi wa kiwanja cha ndege. Nyuma yangu kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si ndiye yule babu aliyeangusha ndege?" Mwenzake akacheka puani. Koku, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa hatua tatu mbele yetu. Alisikia. Niliona shingo yake inavyoinama.

Ta Ishengoma hakuangusha ndege. Mimi najua, kwa sababu aliyeiangusha ni mimi.

Kwetu ni Muleba, mlimani, unapoona ziwa lote kama sahani. Migomba yetu ilipoishia ulianza uwanda wa nyasi, sisi tunauita rweya, ardhi isiyokubali mgomba wala kahawa. Huko ndiko walikofyeka kiwanja cha ndege ndogo. Hakikuwa na lami, kilikuwa cha nyasi fupi tu, na ndege yenyewe ilitoka ng'ambo ya ziwa kuleta dawa za hospitali. Ta Ishengoma alifyeka nyasi, alifukuza ng'ombe, na kila baada ya mvua alipaka chokaa mawe yaliyopangwa kandokando ya kiwanja. Upande wa kwetu, pale kiwanja kinapoanzia, mawe yalipangwa mstari wa kukata kiwanja kwa upana, moja baada ya jingine, meupe mpaka yanauma macho. Alipokuwa akipaka tulikwenda kunusa. Alituambia tusiguse, itatuchubua, halafu anatuchora nukta puani kwa kidole chake mwenyewe.

Watoto wa rika langu tulianza kuogopa ndege kabla hatujajua kuogopa nyoka. Wakati wa vita vya mpakani, ikisikika mngurumo, mama alinibwaga chini ya mgomba na kunilalia. Nakumbuka majani yaliyooza puani mwangu, na moyo wa mama unavyonigonga mgongoni. Vita viliisha, lakini mama hakuacha. Hata ile ndege ndogo ya hospitali ilipokuja, alisimama na jembe mkononi, anatazama juu mpaka aione vizuri. Kisha anasema, "Hii ni ya dawa," anaendelea kulima.

Baada ya vita ukaja ule ugonjwa. Wakati ule tuliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiuzwa mpakani, kwa sababu wafanyabiashara wa mashati ndio walioanza kukonda. Baba yangu aliuza nguo Bukoba mjini. Aliletwa nyumbani amekunjwa ndani ya blanketi. Mama alimuuguza, akamzika, kisha na yeye akaanza kukohoa. Alipokufa, baba zangu wadogo walikuja, wakasimama mbali wameziba pua. Wakasema mama asizikwe katikati ya kibanja, shamba letu la migomba, pamoja na watu wa ukoo. Bibi yangu, mama yao mzazi, aliwajia juu.

"Huyu amenizalia hawa wajukuu. Mnamtupa porini?"

"Si porini, Mae, ni ndani ya kibanja."

"Kibanja gani hakina mgomba hata mmoja? Ukifa wewe nikuweke huko?"

Walimshinda. Mama alizikwa pembeni kabisa, migomba inapokwisha na rweya inapoanza, kabla kidogo ya mtaro wanamopita ng'ombe. Wengine makaburi yao yalikuwa na saruji na msalaba. La mama lilikuwa udongo, na mvua ya kwanza ililisawazisha. Shuleni msichana mmoja alituimbia, "Mama yenu kazikwa malishoni, mama yenu kazikwa malishoni." Siku moja nikaenda na mdogo wangu Asimwe kung'oa majani kaburini, tukakuta kinyesi cha ng'ombe juu yake, kibichi, na alama za kwato. Asimwe akakiondoa kwa mikono. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hapo ndipo nilipoyakumbuka yale mawe.

Ta Ishengoma wiki ile alikuwa amefiwa na kaka yake. Kwetu mtu akifa, jirani hashiki jembe wala panga mpaka matanga yaanuliwe, na mfiwa mwenyewe haondoki msibani. Kwa hiyo kiwanjani hapakuwa na mtu. Tulisokota ngata za majani makavu ya mgomba, tukabeba. Yale makubwa nilibeba mimi, Asimwe alikumbatia madogo kama mtoto mchanga. Siku mbili tulikwenda na kurudi. Tulichukua mstari wa kukata wote, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na mengine ya pembeni.

Mniulize sasa, hukujua? Sikujua. Nilidhani yale mawe ni pambo, kama yaliyozunguka maua mbele ya kanisa. Nilidhani ndege inafahamu kwake, kama kuku anavyofahamu banda. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mle ndani kuna mtu anayetafuta kwa macho mahali pa kukanyaga. Na kwa kuwa sikuwahi kuona kitu kilichopangwa vizuri kama kile kiwanja, kaburi la mama nililipanga vilevile: mstari wa kukata mbele, mistari miwili iliyonyooka pembeni. Nikarudi nyuma nikatazama. Nilijisifu, nawaambia kweli. Nilisema, sasa mama naye ana nyumba.

Siku ya tatu asubuhi ndege ikaja. Haikuwa siku yake, na rubani hakuwa yule wa siku zote. Tulikuwa kwenye migomba tunaokota majani ya kuwashia moto. Ilizunguka mara moja, ikashuka. Ilipita juu yetu chini mno, majani ya migomba yakachanika. Nilimwangusha Asimwe nikamlalia, kama mama alivyonifanyia. Halafu tukasikia mlio, kama masufuria yaliyojaa kokoto yanaporomoka mlimani, na baadaye kimya, na harufu ya petroli iliyochanganyika na dawa.

Magurudumu yalikuwa yamegusa chini mara tu baada ya kaburi, yakaingia mtaroni. Ndege ililala kifudifudi, bawa moja limechomeka ardhini. Muuguzi alikuwa amekaa kwenye nyasi, kiatu kimoja, damu inamshuka shavuni, anauliza, "Sanduku la chanjo liko wapi? Jamani, sanduku la chanjo!" Rubani alikuwa bado ndani, ananing'inia kwenye mikanda yake. Ta Ishengoma alikuja mbio kutoka msibani, peku, akapanda akamkatia ile mikanda kwa panga, akamtoa. Mguu wa rubani ulikuwa umegeukia upande usiokuwa wake.

Walipokwisha kubebwa kupelekwa hospitali, Ta Ishengoma aligeuka. Alitazama mahali mstari wa mawe ulipokuwa. Akatazama kaburi la mama. Kisha akanitazama mimi, nimeshika mkono wa Asimwe.  Alijifuta jasho kwa shati, akarudi msibani.

Mimi niliingia ndani nikajifunika. Niliamini mama ndiye aliyeivuta ile ndege. Alikuwa mpweke kule pembeni, nikampa mawe ya kuitia watu, naye akaita. Wiki nzima sikula ndizi iliyopikwa na bibi.

Wachunguzi walikuja kwa gari kupitia Bukoba. Mmoja alikuwa Mzungu mwenye kamera. Wa pili askari, mtu wa Mara. Wa tatu ndiye mkubwa wao, mtu wa Dar mwenye miwani na Kiswahili chepesi kama maji. Walivuta kamba ya kupimia, wakachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu toka kwenye ndege kurudi nyuma. Kijiji kizima kilikaa kwenye nyasi kutazama.

"Wanapima ardhi wanunue?" mmoja akauliza.

"Wakinunua wamchukue na shemeji yako humohumo."

"Nyamaza, mwenye miwani anakutazama."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa natazama vile vijiti. Kila kimoja kilikuja upande wetu, mpaka cha mwisho kikachomekwa miguuni pa mama.

Yule wa miwani akasimama mbele ya kaburi muda mrefu. Akavua kofia. Akauliza mwenye boma ni nani, bibi akasogea, na Ta Ishengoma akaitwa naye akaja akasimama kando ya askari. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Bibi yangu hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Mwalimu alikuwa shuleni. Wanakijiji askari alikuwa amewazuia mbali, na Ta Ishengoma mwenyewe ndiye aliyekuwa anahojiwa, kwa hiyo pale kaburini aliyebaki na Kiswahili cha darasani nilikuwa mimi. Mtu wa miwani akaniita kwa kidole.

"Wewe binti, unajua Kiswahili?"

"Ndiyo, mwalimu." Kila mwenye miwani nilimwita mwalimu.

"Muulize bibi, hapa amezikwa nani?"

Nikauliza, bibi akajibu, nikasema, "Mama yangu." Akainamisha kichwa kidogo.

"Pole sana. Sasa muulize, haya mawe aliyaleta nani?"

Nikamuuliza bibi kwa Kihaya. Bibi hakusita hata kidogo. Alijibu kwa sauti, kama anaapa, "Mwambie, waitu, mpendwa wangu, ni hawa wajukuu zangu. Waliona ng'ombe wanamkanyaga mama yao. Hawakujua kosa. Kama ni kufungwa, anifunge mimi."

Nilitazama pingu kiunoni mwa askari. Nilimtazama bibi. Tulikuwa tumebakiwa na yeye. Nikageuka kwa yule mtu nikasema, "Bibi anasema mawe tulipewa na Ta Ishengoma."

Ta Ishengoma alikuwa Mhaya kama sisi, na Kiswahili alikijua kuliko mimi. Alikuwa amesikia maneno ya bibi, na sasa alisikia yangu. Katika watu wote waliosimama pale karibu, ni yeye peke yake aliyesikia ukweli unavyoingia sikioni mwangu na unavyotoka kinywani ukiwa kitu kingine.

Mwenye miwani akamgeukia. "Ni kweli, mzee? Wewe ndiye uliyewapa alama za kiwanja?"

 Kalamu ya askari ilingoja juu ya karatasi. Ta Ishengoma alinitazama, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

"Ni kweli, mheshimiwa," akasema. "Niliwapa mimi."

"Unajua alama za kiwanja ni kitu gani?"

"Najua."

"Unajua, na ukatoa?"

"Nilikosea, mheshimiwa."

Bibi alikuwa amesikia jina. Akanivuta gauni. "Kwa nini umemtaja Ishengoma?" Nikamwambia, "Nimewaambia yeye ndiye mwenye kujua habari za mawe." Akatikisa kichwa, akaridhika. Bibi yangu alikufa miaka mingi baadaye akiamini kwamba siku ile alisema kweli mbele ya serikali na serikali ikamsamehe. Mara nyingi alisema, "Yule wa miwani alikuwa mtu mwema." Na mimi nilikuwa namchotea maji nikiitikia.

Mwenye miwani akaamuru mawe yatolewe kaburini siku ileile. Ta Ishengoma ndiye aliyeyatoa, kazi yake ya mwisho. Aliyabeba moja moja kwenye toroli, akayapanga mahali pake, huku askari akimsimamia. Kisha nilidhani anakwenda kwake. Hakwenda. Alishuka mtaroni, akatoa mawe ya kawaida, yale meusimeusi yenye matope, akayapanga kulizunguka kaburi la mama, akayakandamiza kwa kisigino. Nilikuwa nimesimama pale. 

"Haya ndege haiyaoni," akaniambia kwa Kihaya. "Wewe utayaona. Na ng'ombe atayaona. Basi."

Alifukuzwa kazi. Ndege haikuja tena mpaka msimu mwingine wa kiangazi, na kwa muda wote huo wajawazito wenye shida walibebwa kwenye machela mpaka barabarani, na watu wakajua wa kumlaumu. Akipita kilabuni walimwambia, "Mzee, umebakiza mawe mangapi?" Wengine walisema alikuwa amelewa. Mwanamke mmoja aliyefiwa na mtoto alimtemea mate mbele ya kanisa, na mimi nilikuwa kwenye ngazi zilezile, nimeshika kitabu cha nyimbo. Ma Adventina alimshika mumewe mkono wakaingia ibadani. Alijua? Sikuwahi kujua kama aliambiwa. Kwa miaka yote alinisalimu vizuri, na ile salamu yake nzuri ndiyo iliyonichapa kuliko fimbo.

Kazi nyingine hakupata. Alikwenda visiwani kwa wavuvi, kuparua na kukausha samaki. Nilikutana naye mara moja Kemondo, nimetumwa na bibi kuuza ndizi, yeye anangoja boti. Nilikuwa nimeanza kuota matiti, nikadhani hatanitambua.

"Binti wa malishoni!" akaita. Alikuwa anacheka. Kwa mtu mwingine lingekuwa tusi, kwake lilikuwa jina. "Umerefuka. Bibi hajambo?"

"Hajambo, Ta."

"Kiswahili bado unakijua?"

Nikainamisha macho. "Ndiyo, Ta."

"Kishike. Kinafaa." Halafu akaona nilivyokuwa, akaacha kucheka. Akanunua mkungu wangu wote bila kubishana, akasema atawapikia wenzake boti nzima. Boti ikapiga honi. Nilikuwa na muda wote ule, kutoka honi ya kwanza mpaka kamba kufunguliwa, nimwambie nisamehe. Nilimwambia safari njema.

Alirudi kwa boti hiyohiyo, miaka miwili haikupita, amekonda kama baba alivyokonda. Visiwani maisha yalikuwa ya wanaume bila wake zao, na ugonjwa ulishafika huko. Nilikwenda kumtazama pamoja na bibi. Alikuwa hasemi tena. Bibi alilia, akamwambia, "Waitu, kwa nini walikufukuza bure, nawe ulikuwa msibani tu?" Mimi nilisimama mlangoni.

Asimwe, mdogo wangu, ana duka sasa. Nilipomwambia haya kwa simu alisema, "Dada, tulikuwa watoto. Nani angetuambia?" Nilimwambia yeye ndiye aliyekuwa mtoto. Kuhusu mawe, mimi pia nilikuwa mtoto, na mawe nimeshajisamehe. Lakini pale mbele ya miwani nilijua neno la bibi lilikuwa lipi na langu lilikuwa lipi. Na hata ningesamehewa la siku ile, pale Kemondo nilikuwa msichana mkubwa. Mlangoni nilikuwa mkubwa zaidi. Jumanne hii nina wajukuu sita, na kijana nyuma yangu akacheka puani, na mimi nikatazama mbele.

Nilitoka msibani sikula. Nilipofika nyumbani niliwaita wote, mwanangu, mkwe wangu, binti zangu, mpaka wale wadogo waliokuwa wanaoga. Nikawaambia wakae chini. Mwanangu akaanza, "Mama, kama ni habari ya ule mpaka wa kahawa..." Nikamwambia funga mdomo. Nikawaambia hivi:

"Kesho wanaanua matanga kwa Ma Adventina, na ukoo wao wote utakuwa umekaa. Hakuna anayekwenda shambani, hakuna anayekwenda sokoni, na shuleni nitatuma mtu aseme. Mtavaa nguo za kanisani, mtanifuata nyuma, na mtakaa mahali ambapo Koku anawaona. Mimi nitasimama nizungumze. Nikilia, asije mtu kunishika. Nikinyamaza kabla sijamaliza, mtu yeyote katika nyinyi, hata huyu mdogo, aniambie kwa sauti: Bibi, endelea."